Sahihi Iliyokuwa Chini ya Mchoro wa Tangi

Isome yote, halafu mtumie yule bosi wako asiyekosea hata siku moja. Anajijua.

Chuo kikuu kimoja cha uhandisi kilikuwa kinatafuta Makamu Mkuu wa Chuo. Walibaki watatu: maprofesa wawili wa kiume wenye tai ndefu kuliko subira yao, na Profesa Atuganile Mwasomola.

Sasa huyu mama usimchukulie poa. Darasani alikuwa msichana peke yake kati ya wavulana arobaini, na wote aliwaacha wanahesabu vumbi. Amejenga madaraja sita. Mito imejaa, imefurika, imechoka yenyewe, madaraja yapo. Wanafunzi wake leo ni wakandarasi wenye vitambi. Kiti kile alikitaka, wala hakuona haya kukitaka.

Siku ya usaili, mwenyekiti wa baraza alimpa kila mmoja jalada, kisha akawapeleka wote nyuma ya hosteli. Tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo lilikuwa na ufa wa kuingiza kidole.

"Haya, wasomi. Kosa ni la nani?"

Pembeni alisimama Fundi Mbwilo, mwajiriwa wa chuo aliyelijenga. Shule aliishia darasa la saba, mdomo ukaendelea mpaka la ishirini.

"La huyu fundi," alisema profesa wa kwanza. "Zege bovu. Afukuzwe."

"Afukuzwe kabla ya chakula cha mchana," akadakia wa pili.

"Zege langu mimi?" Mbwilo alifoka. "Leteni nyundo mlipige! Itavunjika nyundo!"

Kisha akamtupia Atuganile jicho la pembeni, na kwa mara ya kwanza maishani akaumeza ulimi.

Atuganile alijua kwa nini. Alifungua jalada. Ndani kulikuwa na mchoro wa tangi, na mhandisi akishika mchoro huanzia pembe ya chini kulia, kwenye jina la aliyeuchora. Sahihi ilikuwa yake, ya mwaka wake wa kwanza kazini, miaka kumi na tisa nyuma.

Majalada ya wenzake yalikuwa bado yamefungwa kwapani. Angelifunga na lake, kiti kingekuwa chake.

"Fundi," alisema, "siku ya kuchimba msingi uliniambia nini?"

Mbwilo alikuna kichwa. "Nilikwambia, mama, huu udongo mweusi wa mbuga ukilowa unavimba. Tuchimbe zaidi. Ukaniambia ninyamaze, wewe ndiye uliyesoma."

"Ni kweli. Mwenyekiti, zege ni zima. Msingi ndio mfupi, na niliuchora mimi."

"Profesa, unajua umejinyima nini?"

"Najua. Lakini nikinyamaza, watajenga jingine juu ya msingi uleule, na chini yake wanapita watoto wa watu."

"Hee!" Mbwilo alipiga kofi. "Miaka kumi na tisa nalisubiri neno hilo!"

Mwenyekiti akawageukia wale wenye tai. "Silaha ya kummaliza huyu mama mnayo kwapani tangu asubuhi. Mngefungua tu, mngeshinda. Ila mlishapata wa kumfukuza, mkaona kusoma ni kazi ya nini."

Kisha akamwinamia Atuganile. "Makamu Mkuu, tuanze na lipi?"

"Leteni sululu na koleo. Na Fundi Mbwilo ndiye atakayesema tuchimbe mpaka wapi."

Funzo: Kabla hujamtafuta wa kumfukuza, soma kwanza sahihi iliyo chini, ukikuta ni yako, isome kwa sauti.