Ngoma Iliyofunika Mlima

Liko jambo nimelitafakari miaka mingi bila kulipatia jibu: mlima unaotaka kuporomoka, kwa nini husema kwanza? Nani aliuomba?

Kulikuwa na mpiga ngoma wa kanisa moja lililojengwa ubavuni mwa mlima. Masika yalipopasua sakafu, waumini wakaingia kwenye maombi ya zamu, kwa ngoma, usiku na mchana: "Bwana, tuonyeshe. Tuhame au tubaki?" Mpiga ngoma hakutaka kuhama. Paa lile aliliezeka yeye, na mkewe amezikwa uani.

Akaja binti mmoja, mtaalamu wa ardhi, akafukia kando ya ukuta chombo cha kunasa mitetemo. Kesho yake akarudi na kompyuta.

"Baba, naomba ngoma inyamaze kidogo."

"Sisi tunamwita Mungu, binti yangu. Wewe unamwita nani?"

"Simwiti mtu, nasikiliza. Ila nasikia mikono yako tu."

"Basi umesikia kitu kizuri." Watu wakacheka.

"Kizuri sana, baba. Lakini chini yake kuna kitu kingine, na sikipati."

Mpiga ngoma akaiweka ngoma pembeni, shingo upande. Kanisa likatulia. Kwenye kompyuta mstari ukanyooka, kisha ukaruka. Ukatulia, ukaruka tena. Binti akaeleza taratibu: kila mruko ni udongo unaokwaruza mwamba, unanasa, unateleza; miruko ikifuatana upesi, ubavu u karibu kuachia. Mpiga ngoma akavua kofia. Mlima mzima, na migomba yake na makaburi yake, ulikuwa unatembea. Mwanzo alipata kuvuta pumzi kati ya mruko na mruko. Baadaye hakupata hata nafasi hiyo.

Ndugu zangu, ni nini kilichoifunika sauti ile? Ulevi? Masengenyo? Hapana. Ni maombi. Waliomba jibu, jibu likaja chini ya magoti yao, wakalizima kwa kuomba. Siwalaumu, walipiga kwa imani. Lakini sisi, tukishamuuliza Mungu, huwa tunampa nafasi ya kujibu? Au tunaongeza ngoma kwa kuwa tunajua atakachosema?

Ikaamuliwa papo hapo: kila nyumba ya ubavu ule ihamie ng'ambo ya mto kabla ya giza. Kazi ya kuwatoa wagumu wa kuhama akapewa mpiga ngoma, aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alianza na nyumba ya juu kabisa, kwa bikizee mmoja kiziwi, akambeba mgongoni.