Mawe Yaliyoletwa na Mto

Alikuwako mchimba visima mmoja. Msimwite fundi, fundi ni yule anayejenga nyumba. Huyu kazi yake ilikuwa kuchimba, na baada ya miaka thelathini mashimoni aliusoma udongo kama sisi tunavyosoma barua.

Siku moja aliitwa kuchimba kisima na mtu aliyepata kiwanja kando ya mto, akitaka kumjengea mama yake nyumba. Mchimbaji akapita udongo mweusi, akapita mwekundu mkavu kama tofali, kisha sururu ikagonga mawe. Mawe ya mviringo, mengine makubwa kama kichwa cha mtu, na mto uko hatua hamsini!

Akapanda juu anatweta. "Bwana, usijenge hapa."

"Kwani hakuna maji?"

"Yapo, tena yatakuja mengi mno! Kuna mama mmoja mtaalamu wa miamba, niliwahi kumchimbia, alinionyesha tabaka kama hili. Zamani, kabla mtu hajakanyaga dunia, joto lilipanda kila mahali. Ukame ukaunguza udongo, kisha mvua zikawa zinashuka kwa mkupuo. Mto ndio ulioyabingirisha mawe haya mpaka hapa. Na joto linapanda tena, huoni?"

Mwenye kiwanja akachungulia shimoni, uso ukamng'aa. "Mawe! Nami nahangaika nitapata wapi ya msingi! Yatoe yote, baba."

Mchimbaji akashika kichwa. Amweleze mara ngapi? Akasonya, akayatoa.

Mnacheka? Haya, chekeni. Jioni alifika kwake bado anafoka. "Mama watoto, leo nimeona mpumbavu! Anamjengea mama yake nyumba kwa mawe ya mafuriko!"

Mkewe alikuwa ameketi mlangoni anapepeta mchele. Hakuinua macho. "Na hili nililokalia, ulilitoa wapi?"

Mchimbaji akatazama chini. Lilikuwa jiwe la mviringo, moja ya yale aliyoyatoa alipochimba shimo la choo chao, akajengea msingi wa nyumba yote. Kutoka hapo mpaka mtoni ni hatua arobaini.

Ndugu zangu, nimechoka kuwahubiria wasiojua, maana humu kanisani sijamwona hata mmoja. Nani kati yetu hajaambiwa? Tunajua, tunawafokea wengine, kisha tunarudi kulala juu ya mawe yaleyale. Mpaka lini?

Zimebaki wiki tatu mvua za vuli zianze. Na nyumba yangu mimi, mchungaji wenu, iko hatua sitini kutoka mtoni. Nimezihesabu mwenyewe, asubuhi ya leo.