Mbwa Aliyeitwa Tutajuana

Hapo zamani za kale, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzio usikie, wanyama walikuwa na majiko yao, na majiko yalikuwa na wezi wake.

Mama Kifaru na mumewe walipata mbwa mdogo wa kufuga. Siku ya kwanza tu akatia kichwa kwenye kibuyu, akanywa maziwa yote, akajilaza na kukoroma. Bwana Kifaru akakigeuza kibuyu. Hata tone!

"Ahaa!" akanguruma. "Mimi na wewe, tutajuana!"

Basi jina likawa hilo hilo, Tutajuana.

Akili alizokuwa nazo mbwa yule, jamani! Komeo alifungua kwa pua. Akiambiwa alinde kuku, anachechemea: "Aii, mguu wangu!" Akiitwa kula, mguu umepona. Mama Kifaru alimcheka mpaka machozi yakamtoka, akamsifu kwa kila mpita njia.

Nyuma ya ua wa matete aliishi Bi Kiboko, shoga yake Mama Kifaru tangu wote hawajaota meno. Walikuwa wakipelekeana sahani. Leo huyu kapika kampelekea mwenzake, kesho sahani inarudi na kitu ndani. Kwao ukimletea mtu sahani tupu umemwambia ujirani umekwisha.

Wiki ile ile aliyoletwa mbwa, kabla Bi Kiboko hajamjua, Mama Kifaru alichomwa na mwiba kwenye unyayo, hawezi hata kusimama.

"Nipe mimi nipeleke, mama," akasema Tutajuana kwa adabu zote.

Akapewa mkate wa kumimina, wa moto, umefunikwa kawa. Akafika nyuma ya kichuguu, akatazama huku, akatazama huku. Nyaku! Nyaku! Nyaku! Akairamba sahani ikang'aa, akaifunika tena, huyoo kwa Bi Kiboko.

"Hodi! Sahani yako kutoka kwa Mama Kifaru."

Bi Kiboko akafunua. "Haa! Tupu? Na wewe ndiye nani?"

"Naitwa Mpole, bibi," akajibu mbwa, macho chini.

Bi Kiboko aliumia, lakini hakutaka ugomvi. Akatia ndizi za nazi, akamrudisha nayo. Pale kichuguuni, nyaku! Mama Kifaru naye akapokea sahani tupu.

"Labda shoga yangu hakupika leo," akajipa moyo, akatuma nyingine. Ikawa vile vile, siku baada ya siku.

Sasa, kila alasiri Mama Kifaru alimwita mbwa wake aje kula. Alikuwa na sauti, si mchezo: "Tutajuanaaa! Tutajuanaaa!"

Nyuma ya ua, Bi Kiboko akashika kiuno. "Makubwa haya! Sahani tupu, na vitisho juu?" Akajitupa majini, chubwi! Asionekane tena.

Mama Kifaru alilia. Mume yupo, mbwa mwerevu yupo, lakini wa kupiga naye soga hana. Kumkosa shoga yake kulimuuma kuliko ule mwiba. Bado alituma mkate kila siku, na mbwa akazidi kunenepa, tumbo likakaribia kuburuta chini.

Alasiri moja Mama Kifaru akaita kama kawaida: "Tutajuanaaa!"

Mara, kwaa! Ua wa matete ukalala chini, Bi Kiboko akatokea amevimba.

"Kila siku tutajuana, tutajuana! Haya, nimekuja, tujuane!"

"Wewe ndiye wa kukasirika?" akafoka Mama Kifaru, mguu mmoja juu. "Wewe unayeniletea sahani tupu?"

"Tupu unaleta wewe!"

"Mimi nilituma mkate!"

"Ulimtuma nani?"

"Tutajuana!"

"Mnamsikia? Analirudia mbele ya uso wangu!"

"Si wewe, shoga! Tutajuana! Tutajuana, njoo hapa!"

Nyuma ya kichuguu mbwa alisikia yote. Kichwa kikamwambia, kimbia. Lakini hiyo ilikuwa saa ya kuitwa kula, na mkia wake haukuwa na akili kama kichwa. Pa! Pa! Pa! Mkia ukapiga kichuguu, miguu ikaufuata mkia, akajikuta yuko uwanjani na makombo ya mkate kwenye masharubu.

Bi Kiboko akatoa macho. "Mpole?"

"Mpole gani? Huyo ni Tutajuana!" akasema Mama Kifaru.

Wakatazamana. Wakalitazama lile tumbo. Mbwa akainua mguu mmoja taratibu.

"Aii," akasema, "mguu wangu."

Bi Kiboko akaangua kicheko kikatikisa mitungi. Mama Kifaru akacheka huku analia, akamkumbatia mwenzake. Kisha Bi Kiboko akaketi, akaupakata ule mguu mgonjwa, akaung'oa mwiba kwa meno yake mwenyewe.

Bwana Kifaru aliporudi akasimuliwa, akakuna pembe. "Jina nilimpa mimi, na mimi ndiye nitakayelibadili. Kuanzia leo anaitwa Nimekuona."

Tangu hapo, kila Mama Kifaru akiita, "Nimekuonaaa!" mbwa hushtuka, na chochote kilichomo kinywani huanguka chini, pu!

Basi wanangu, anayeshiba kwa kuwagombanisha marafiki atafunga siku watakapokaa kitako wakaulizana.