Mguu Mfupi wa Kapasita

Sogeeni karibu. Na wewe mwenye redio iliyofunguliwa tumbo, iweke chini kwanza kabla hujaiunguza. Mmeuliza kwa nini kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme ndani ya redio, ina mstari ubavuni, na kwa nini mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenzake. Nitawaeleza, ingawa si habari ya kuchekesha.

Zamani hizo, redio zilipokuwa bado ngeni duniani, kapasita haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa kikopo chenye miguu miwili iliyolingana, na ubavu wake ulikuwa mtupu pande zote. Lakini tabia yake ilikuwa hii hii ya leo. Mguu mmoja ulitaka upande wa chanya wa betri, wa pili ulitaka upande wa hasi, na ukiigeuza ilipata joto, ikavimba, ikapasuka. Zile nyingine ndogo, bapa, za rangi ya udongo, hazijali umeziweka vipi. Hizo hazimo katika habari hii, ndiyo maana mpaka leo hazina mstari.

Katika mji wa Ngolomi aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi, na yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza vikopo hivyo. Alichukua bati jembamba kama karatasi, akalipanga pamoja na kitambaa kilicholowa maji ya dawa, akaviringisha na kufunga. Ndani ya ua mmoja naye, nyumba ya pili, alifanya kazi mdogo wake Shigela, fundi wa kuunga redio. Wazazi wao walifariki mapema, Nyamizi akamlea ndugu yake mwenyewe. Hata alipoota ndevu, bado alikuwa akimwuliza kama amekula.

Desturi yao ilikuwa kwamba kapasita haiwekwi chini. Hutoka mkononi, huingia mkononi. Asubuhi Shigela alifika mlangoni kwa dada yake na kusema, "Shikamoo, dada." Nyamizi alijibu, "Marahaba, chanya huku," huku akiugusisha mguu wa chanya kwenye dole gumba la mdogo wake. Shigela aliondoka ameibana vivyo hivyo, bila kuigeuza, mpaka kwenye bodi ya redio. Kwa hiyo hakuwahi kujifunza kuzitambua kwa macho. Ya nini kujisumbua, na dada yupo?

Basi ikatokea harusi ya binamu yao. Redio mpya ilipiga muziki mpaka wazee wakainuka kucheza, na wageni wakamsifu Shigela. Sifa zikampanda kichwani. Akasimama mbele ya watu akasema kila kilichomo ndani ya redio ile kimetoka katika mikono yake. Nyamizi alikuwa ameketi na wakwe, sahani ya pilau mapajani, na pilau ile ikamshinda. Hata jina lake halikutajwa.

Kesho yake alingoja kuombwa radhi. Shigela, ambaye alikwishasahau maneno yake, akaja akaamkia kama kawaida, na dada akageuza uso. Aliuliza kuna nini, hakujibiwa. Hapo naye akapandwa na hasira, akaona ameonewa bure. Wakanuniana, watu wa ua mmoja, wakipishana kisimani kama wageni.

Lakini kazi haikusimama. Nyamizi alianza kuziweka kapasita kwenye ungo nje ya mlango wake, jambo ambalo halikuwahi kufanywa Ngolomi. Shigela alipita, akaokota, akaondoka bila neno. Alikuwa akikisia tu. Mara nyingi alibahatika. Alipokosea, vikopo vilikuwa vidogo, vilitoa moshi kidogo na harufu mbaya, akavitupa na kuokota vingine. Kila kimoja kilipopasuka, Nyamizi alikisikia kule ndani, na inaniuma kusema kwamba alifurahi. "Ataniita tu," alijisemea. "Atachoka, ataniita."

Ndipo watu wa sokoni walipoagiza redio ya kusikika soko zima. Redio kama hiyo ilihitaji kapasita kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, kubwa kama kikombe cha chai. Nyamizi aliifanya kwa uangalifu, maana hasira haikuwahi kumharibia kazi. Akaiweka kwenye ungo. Shigela alipoichukua, dada alishindwa kutulia. Akauvuka ua, akasimama kwenye mlango wa karakana wakati mdogo wake akiifunga kwenye bodi.

Yeye alizijua kazi zake kama mama anavyowajua mapacha wake. Bati alilikunja upande mmoja zaidi kuliko mwingine, na chini ya kopo alama ya mkunjo ilionekana kwa anayejua pa kutazama. Akatazama. Kapasita ilikuwa imegeuzwa.

Neno moja lingetosha, na lilikuwa tayari mdomoni. Nyamizi akalizuia. Aulize kwanza, alijiambia. Aulize mara moja tu, nimwambie. Shigela alikuwa ameshika waya wa betri, na mkono wake ukasita hewani kwa muda, kama anayengoja kitu. Kisha akaunga. Redio ikaanza kuvuma, naye akainamisha uso karibu kabisa ausikilize mvumo ule.

"Geuza!" Nyamizi alipiga kelele. "Shigela, geuza!"

Kopo lilipasuka kabla hajamaliza kulitaja jina lake. Maji ya moto ya dawa yalimwingia Shigela katika macho yote mawili. Waganga waliosha, wakapaka, wakafunga vitambaa, lakini vitambaa vilipofunguliwa alikuwa haoni hata jua.

Nyamizi alikaa naye, akimlisha kwa mkono kama zamani. Siku moja uji ulipokwisha bakulini, akashindwa kuendelea kubeba moyoni. "Mdogo wangu," akasema, "niliiona. Niliona umeigeuza, nikanyamaza."

Shigela aliupapasa mkono wa dada yake. "Nami nilijua upo, dada," akasema. "Kivuli chako kilikuwa juu ya meza. Nilisita kusudi useme."

Wakalia wote wawili. Hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake.

Nyamizi aliporudi kwenye kazi yake, alichanganya majivu ya jikoni na utomvu, akachora mstari kwenye ubavu wa kila kapasita, upande wa hasi, na ndani ya mstari akatia vialama vya kutoa, ili mtu asikisie tena. Juu ya kopo alikwaruza msalaba, ili mtu akikosea, kopo lipasukie hapo kwa upole kabla nguvu hazijajaa ndani. Alipomaliza akaushika mstari ule wa majivu kwa kidole, akagundua kwamba kuna mtu mmoja ambaye haumsaidii kitu. Akachukua koleo akaukata mguu wa hasi, ukawa mfupi. Mstari ni wa wenye macho. Mguu mfupi ulikuwa wa Shigela.

Shigela alijifunza upya, polepole, akipapasa. Redio ya soko aliimaliza kwa vidole, ikasikika mpaka mashambani. Lakini hakuhitaji tena kumwuliza dada yake kitu. Aliokota kwenye ungo, akapima miguu kwa vidole, akajua. Nyamizi alikaa ndani na kusikia fimbo yake ikigusa ardhi, ikifika, ikirudi.

Na tangu siku hiyo kapasita za aina ile huja na mstari ubavuni, msalaba kichwani, na mguu wa hasi ulio mfupi. Fundi hutazama, huingiza, huwasha, na wala hana haja ya kumwuliza mtu. Watu husema aliyebuni alama zile alikuwa na akili sana. Yeye Nyamizi, mpaka anazeeka, angekuwa radhi kuzifuta zote ili aulizwe mara moja tu.