Mzee Aliyezima Kompyuta

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiandika nyimbo alizoimbiwa na marehemu mama yake, ili wajukuu wazikute. Aliziandika kwenye kompyuta ya mezani, kwa vidole viwili, polepole. Mumewe alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha kahawa, na kila jioni ni yeye aliyezima mitambo. Sasa uzee ulikuwa umemletea usahaulifu, lakini mkono haukusahau. Akiona taa ya kompyuta inawaka na mkewe yuko jikoni, anabonyeza kitufe. Inazimika.

Mara ya kwanza zilipotea beti nne, yule mama mwalimu akaziandika upya. Mara ya pili akabandika karatasi: USIBONYEZE. Mzee akaisoma kwa sauti, akaitikia kwa kichwa, akabonyeza. Mara ya tatu ulipotea wimbo mzima. Mama akasema, "Baba Eliakimu, chumbani humu usiingie tena."

Naye akatii. Mmewahi kumwona mzee anayetii huku ameumia? Majuma matatu alikaa barazani peke yake. Akipita mbele ya mlango ule, anatia mikono mfukoni.

Siku moja binti wa jirani, fundi wa kompyuta, akaja kubadilisha kibodi. Mama akamwambia, "Na hicho kitufe king'oe kabisa."

"Hakuna haja, Mwalimu. Nitakibadilishia kazi kwenye mipangilio. Babu akibonyeza, skrini itakuwa nyeusi tu. Ukigusa kibodi, unaendelea ulipoishia."

"Itachukua muda gani?"

"Nimeshamaliza."

Mama alikuwa anayahesabu yale majuma matatu. Kisha akamfuata mzee barazani, akamshika mumewe mkono, akamwingiza ndani. "Njoo unizimie kompyuta, mume wangu."

Mzee akasita. "Sitaharibu?"

"Hutaharibu."

Akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Akatabasamu kama mtu aliyemaliza zamu yake, akaketi kwenye kiti kilichokuwa pembeni. Kisha akasema taratibu, "Mimi nilifikiri umenichoka."

Ndugu zangu, yule mama alikuja kuniambia mwenyewe kwamba siku ile hakuandika hata neno moja. Alilia, mumewe akampangusa machozi bila kujua analia nini.

Sasa niwaulize. Ni nani nyumbani kwako umemwambia mara tatu, na hawezi? Mama mkwe anayerudia habari ile ile? Mume asiyesikia vizuri? Sisi tunaomba Mungu awabadilishe, tunabandika karatasi, tunafunga milango. Na kile ambacho kingebadilishwa kwa dakika moja kiko upande wetu, mezani petu. Hatujakigusa, kwa sababu tumeshaamua kwamba mkosaji ni yeye.

Leo usiende kumfundisha mtu huyo tena. Nenda ukamwite aingie ndani, akae karibu nawe.