Ufito wa Katikati

Hii nimetumiwa, nami naipitisha kama ilivyo. Usirukie funzo, hasira yenyewe iko katikati.

Palikuwa na chuo cha ufundi kwenye mji mmoja wa milimani, mji ambao mvua ikishaanza husahau kuacha. Shati ungeweza kulianika wiki hii, ukalivaa wiki ijayo, na kola bado ina unyevu.

Njia ya kwenda madarasani ilipita katikati ya mabweni mawili. Upande wa wavulana, bukta na boksa zilipepea kambani kama bendera siku ya sherehe, na hakuna aliyeona haya. Upande wa wasichana, mlezi wa bweni, Bi Nyamizi, alipiga marufuku nguo yoyote ya ndani kuonekana kambani.

"Wageni wanapita hapa," alisema. "Mnataka waseme hiki ni chuo gani?"

Kumbe wageni hao, wakifika upande wa pili, wanafumba macho!

Basi wasichana wakafanya walivyofundishwa na mama zao: nguo ndogo unaitandaza, kisha unaifunika kwa kanga. Wakaanika nyuma ya mlango, kwenye chuma cha kitanda, juu ya sanduku. Walizifunika vizuri mno. Jicho halikuzifikia, na upepo nao haukuzifikia. Asubuhi mtu anavaa nguo mbichi, anaingia darasani, anaikalia mpaka saa ya chakula. Wakaanza kujikuna. Wakaanza kwenda zahanati mmojammoja, na njiani kila mmoja akiulizwa anasema anaumwa kichwa.

Ndipo Mwalimu Kihwele wa useremala akatangaza shindano. Wanafunzi, wawiliwawili, wabuni kichanja cha kuanikia nguo ndani ya nyumba, kinachokunjwa kikaingia chini ya kitanda. Kitakachoshinda kitatengenezwa kwa kila chumba, na aliyekibuni ndiye atakayesimamia kazi karakanani.

Alikuwapo msichana aitwaye Siwema. Alilitaka shindano hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye pia alikuwa anajikuna. Akapangwa na kijana anaitwa Erasto, msemaji mzuri, shati limepigwa pasi muda wote.

Siwema akachora. Siwema akakata mbao, akapiga msasa, akafunga bawaba. Erasto alipita karakanani kuazima chaja.

Kichanja kilipokamilika kilikuwa hivi: miguu miwili iliyopishana kama mkasi, fito ndefu za nje juu kila upande, na chini kidogo, katikati kabisa, ufito mmoja peke yake, mbali na zile nyingine. Ukikisukuma kinajikunja na kulala bapa.

"Dada, umetisha," Erasto akasema. "Sasa kwenye kuwasilisha niachie mimi. Msichana akisimama kuongea habari za kufua, wataona ni mambo ya nyumbani tu. Mimi nikisimama, ni uhandisi."

"Sawa, lakini nikueleze kwanza huu ufito wa katikati, kwa sababu ndio..."

"Ah, usinisomee risala. Nimeona, kimesimama, kinakunjika. Hivyo vingine vidogovidogo."

Siwema angeweza kubisha. Hakubisha. Maelezo yenyewe yalikuwa na neno ambalo tangu utotoni alikatazwa kulitaja mbele ya wanaume, akaona afadhali alitaje mwingine. Hapo ndipo mimi huwa natamani niingie kwenye hadithi nimtikise mabega.

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa. Mbele walikaa waamuzi wawili, Mwalimu Kihwele na Bi Nyamizi mwenyewe, amejitanda kanga mabegani kwa sababu ya baridi. Erasto akapanda jukwaani.

"Wazo hili lilinijia," akaanza, "siku moja nikitafakari changamoto za jamii yetu."

Lilimjia! Akitafakari!

Na Siwema alikuwa wapi? Alipoingia tu ukumbini mtu alimkabidhi jagi. "Dada, tusaidie kuwapa waamuzi maji." Kwa nini yeye? Usiniulize mimi, jiulize mwenyewe ni nani hupewa jagi kwenye vikao vyenu.

Erasto akakifungua kichanja, akakikunja, akakifungua tena. Makofi. Mwalimu Kihwele akasimama, akakizunguka, akainama.

"Kizuri. Huu ufito wa katikati ni wa nini?"

Erasto akaupapasa ufito. "Huo... huo ni wa uimara, Mwalimu. Ukiutoa, kichanja chote kinalala chini."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

Mwalimu akaenda kwenye meza ya vifaa, akarudi na msumeno. Akampa Erasto.

"Ukate."

"Lakini Mwalimu, kitaharibika."

"Kikianguka nitajua umesema kweli, na nitakupa ushindi. Kata."

Erasto akamtazama Siwema kwa jicho la kuomba. Watu wote wakageuka. Walitegemea mwenye kichanja apige kelele, alie, aseme jamani msikiharibu. Siwema akaweka jagi chini.

"Kata tu, Erasto. Kitasimama."

Akakata. Ufito ukadondoka sakafuni. Kichanja hakikutikisika.

"Kumbe tumewekewa mti usio na kazi," Mwalimu akasema. "Siwema, na wewe unasemaje?"

Akatazama ukumbi. Wavulana walikuwa wameshaanza kutabasamu bila kujua wanatabasamia nini. Bi Nyamizi alikuwa amemkazia macho.

"Ni wa chupi, Mwalimu."

Weee! Ukumbi ulivunjika. Kuna waliopiga meza, kuna aliyepiga mluzi. Sauti ikatoka nyuma: "Rudia, hatujasikia!"

"Siwema!" Bi Nyamizi akafoka. "Adabu yako iko wapi?"

"Bi Nyamizi, shikamoo, na unisamehe," Siwema akasema. "Za kaka zangu zinapepea njiani hapo kila siku, na hakuna aliyewauliza adabu. Zetu tunazifunika kwa kanga mpaka zinaota ukungu, tunazivaa zikiwa mbichi, tunaumwa, na zahanati tunadanganya. Kanga inagandana na nguo, upepo hauna pa kupita. Hapa kanga inakaa kwenye fito za nje. Nguo inakaa ndani, kwenye ufito huu, haiguswi na kitu. Hewa inaingia chini, inatokea juu. Hakuna anayeona, na inakauka. Sikuweka ufito kwa ajili ya kichanja. Nimeweka kichanja kwa ajili ya ufito."

Mluzi ukakoma.

Bi Nyamizi akainuka. Watu wakajua sasa binti anafukuzwa ukumbini, na pengine chuoni. Mama yule akatembea polepole mpaka kwenye kichanja. Akavua kanga yake mabegani, akaitandaza kwenye fito za nje, upande huu na upande huu. Akarudi nyuma hatua chache, akatazama. Akachuchumaa, akapitisha mkono kwa chini, akauacha humo ndani, kiganja wazi, kama mtu anayepima mvua. Dirisha lilikuwa wazi. Upepo ukapita.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, na ukumbi mzima ukamsikia, "hata zangu hazikauki."

Halafu kigelegele kimoja kutoka safu za nyuma za wasichana, kisha kingine, kisha huwezi kusikia kitu.

Vilipotulia, Bi Nyamizi akaokota ufito uliokatwa, akamnyooshea Erasto. "Urudishe ulipokuwa."

Erasto akaushika, akaugeuza huku na huku. Hakujua unaingia kwa wapi.

Siwema akauchukua mkononi mwake, akapiga magoti, akaanza kupima pa kuugongomea upya. Mwalimu Kihwele akamletea misumari, akamwambia funguo za karakana atazikuta kwake Jumatatu. Erasto akabaki amesimama katikati ya jukwaa, mikono haina kazi, mpaka Siwema akamwonesha kwa kidevu.

"Kaka, jagi lile pale. Waamuzi wana kiu."

Funzo: Wewe unayeona haya kulitaja tatizo lako, kuna mtu anasubiri kulibeba suluhisho lako jukwaani bila kujua ni la nini. Litaje kwa mdomo wako mwenyewe, wacheke wakimaliza wakae. Na wewe unayepokea makofi ya kazi usiyoifanya, uliza kwanza ufito wa katikati ni wa nini.