Kasha la Baridi la Sultani Shangama

Hapo zamani, enzi ya Sultani Shangama wa Pwera, alikuwako fukara mmoja jina lake Mfaki, asiye na shamba wala mbuzi, kazi yake kuokota vyuma na nyaya zilizotupwa na kuvichezea mpaka vifanye jambo. Basi Sultani alikuwa na desturi ya kwenda kukagua mashamba yake ya chumvi, mahali pasipo na hata kichaka, na kila akifika sharubati yake ilikuwa moto kama uji. Akakasirika, akaamuru jua lenyewe lililoichemsha ndilo liipoze.

Watu wakacheka kwa siri, ila Mfaki alikwenda akatengeneza kasha la mbao, akashindilia sufi kati ya kuta zake ili baridi isitoke. Akatundika vioo vyeusi vya kunasa nguvu za jua juu ya mlingoti, mfano wa mwavuli, na ubavuni mwa kasha akapachika kigae chembamba cha ajabu: nguvu za jua zikipita ndani yake, uso wa ndani hupoa na uso wa nje huwaka. Kasha likapakiwa juu ya nyumbu wa Sultani. Sharubati ikapoa kweli, lakini ule uso wa nje ulimchoma nyumbu kiunoni, naye akatimka na vikombe, mito na kilemba cha waziri, asionekane mpaka Alhamisi.

Waziri, kichwa wazi, akamshauri Sultani atoe amri mpya: kasha lipoze tena, ila joto lake lisiguse kitu wala kiumbe chochote kilicho mali ya Sultani. Mfaki akishindwa, atachota chumvi mwaka mzima. Mfaki akauliza kwa unyenyekevu kama ardhi ni ya Sultani, akaambiwa ndiyo. Akauliza habari za watu, maji na upepo. Waziri akajibu kuwa hata upepo, ukishaingia Pwera, ni wa Sultani. Mfaki akashukuru, akaenda zake.

Siku ilipofika, Mfaki akalilaza kasha hata kigae kikawa juu, akamwomba Sultani aketi hapo, chini ya kivuli cha vioo. Sultani akaketi, akanywa, meno yakamwuma kwa baridi, akasifu sana. Katikati ya kikombe cha pili akaanza kujisogeza kulia, kisha kushoto, ikawa mara amesimama wima, ameshika makalio kwa mikono miwili.

"Mfaki, umeniunguza."

"Bwana wangu, joto likitoka mahali sharti liende mahali. Nimetafuta nchi nzima kisicho mali ya Sultani, nisikione ila Sultani mwenyewe."

Waziri akadakia, "Na kanzu? Kanzu ni mali yake, nayo imeguswa."

Mfaki akainama. "Hapo nimekosa. Kesho Bwana aketi bila kanzu."

Sultani akamtazama waziri, akaitazama kanzu, akaangua kicheko hata sharubati ikamtoka puani. Akaifuta amri, akamtunuku Mfaki nyumba ya mawe, na upepo wote wa Pwera autupie joto lake apendavyo.

Kisha akarejea barazani, na kwa kuwa hakuweza kuketi, hapana aliyethubutu kuketi. Ikawa kesho yake mashauri yaliyolala miaka saba yalikatwa yote, watu wima, kabla ya adhuhuri.